Kifungo cha Koti la Mwenyekiti

Sehemu ya sita

Kwa aliyepitwa na gazeti: mimi ni Oliva, miaka ishirini na mbili, elimu yangu darasa la saba, nashona vifungo kwa Fundi Salum hapa Mfaranyaki, Songea. Mama yangu, Lidwina, anafanya ile kazi ambayo mtaa mzima unaijua na hakuna mtu anayeijua. Mdogo wangu Odilia ana miaka tisa. Sehemu iliyopita nilimwacha akirudi kutoka shule analia, wenzake wamemwambia mama yake anauza mwili. Akaniuliza, "Dada, mwili ukishauzwa, mama huwa anarudi na nini?"

Nilimpa kiazi kitamu.

Siku hiyohiyo, mnakumbuka, gari jeupe lilisimama mbele ya ofisi ya mtaa.

Lilikuwa gari la mradi. Mradi wa kuwarekebisha watoto wa wanawake waishio katika mazingira hatarishi. Msimamizi wake, Bwana Ramson, mgeni kutoka mkoa mwingine, shati lake limenyooka utafikiri halijawahi kukaliwa, alisimama akatangaza.

"Kila mtoto atakayethibitishwa atapata cheti cha kuzaliwa, sare, godoro, na nafasi katika shule ya bweni. Ya Kiingereza."

Hilo neno la mwisho ndilo lililoharibu mtaa.

Masharti yalikuwa mawili. Mama mwenyewe afike mbele ya kamati akiri kazi yake. Halafu awe na mashahidi wawili: wa kwanza jirani, wa pili mtu anayeijua kazi yake, na aeleze ameijuaje.

Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Kajetani, alipiga makofi kuliko wote.

Kesho yake asubuhi, kabla hata Fundi Salum hajatia mafuta cherehani, akaingia Mama Sixbert. Huyu ni mke wa mwenyekiti, na ndiye kiongozi wa jumuiya yetu ndogondogo. Kila wiki jumuiya husali nyumba kwa nyumba. Kwa miaka kumi, zamu ikifika kwetu, wanaturuka kama mtu anavyoruka dimbwi.

Alitoa sketi kwenye mkoba. Sketi ya kwaya.

"Oliva, punguza hapa."

"Wapi, mama?"

"Hapa."

"Hapo ni juu ya goti, mama."

"Najua goti langu lilipo."

Fundi Salum alisimamisha cherehani. "Audhubillahi! Mama Sixbert, hii si ndiyo ya Pasaka?"

"Fundi, wewe shona. Nina usaili."

Mpaka saa sita mchana nilikuwa nimepunguza sketi tisa. Mmoja alitaka mpasuo, akawa hajui auweke nyuma au pembeni.

"Wao wanaweka wapi?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

Wao, yaani mama yangu.

"Mama huvaa kitenge," nilimjibu. "Cha kawaida."

Alinitazama kana kwamba namficha siri ya biashara.

Jumamosi jumuiya ikafika kwetu. Sikuamini. Walikuja wote, na vitabu vyao, na rozari zao, wakasali fungu moja tu mbiombio kama watu wanaokimbiwa na basi, kisha wakafunga vitabu. Mama alikuwa anapukuchua maharage kwenye ungo.

"Mama Oliva," Mama Sixbert akaanza, "tumekuja kama dada zako."

"Karibuni, dada zangu. Mlipotea njia miaka kumi, poleni. Huku kwetu kuna kona nyingi."

"Tunaomba utuelekeze kidogo. Kamati ikituuliza mambo ya kazi, tujibuje?"

Mama alicheka mpaka maharage yakamwagika.

"Niwaelekeze nini sasa?"

"Kwa mfano kusimama," akasema Devota, mke kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. "Mnasimamaje?"

"Kwa miguu, mwanangu."

"Na kutembea?"

Hapo Devota akainuka mwenyewe kuonesha. Alitoka jikoni mpaka mlangoni akizungusha kiuno, kuku wetu wakatawanyika.

"Rudi ukae, Devota," Mama akasema. "Hiyo siyo kazi, hiyo ni nyonga imeteguka."

Wakacheka wote. Hata mimi. Mama akaacha kupukuchua.

"Haya, somo lenyewe ni moja. Jumatatu asubuhi nendeni sokoni. Msalimieni kila mtu. Asiitikie hata mmoja, hata yule aliyekula kwako jana yake. Rudini nyumbani mpike. Kesho yake nendeni tena. Mkifikisha miaka kumi, njooni, mimi mwenyewe nitawaandikia cheti."

Mama Sixbert aliangalia sakafu kwa muda mrefu. Nilidhani ataomba radhi.

"Na hii sketi, Mama Oliva," akasema mwishoni, "unaona inatosha, au nipunguze tena?"

Jumatano ikafika siku ya uhakiki. Baridi ya Julai mnaijua, ile ya Songea yetu, mtu anaongea unaona moshi. Mwenyekiti alikuja na lile koti lake la kahawia, ambalo tukiliona barabarani tunajua kuna mkutano. Wanaume kama thelathini hivi walijaa ofisini mpaka nje, wamekuja kutazama tu. Kina mama walipanga foleni, magoti nje, wanatetemeka.

Bwana Ramson alifungua faili.

"Jina?"

"Devota."

"Kazi?"

"Hiyohiyo."

"Shahidi wako amejuaje?"

Mama Sixbert akajibu kwa niaba: "Tunaimba naye kwaya."

Bwana Ramson akaandika: imethibitishwa.

Zamu ya Mama Sixbert, shahidi wake wa pili alikuwa mumewe. Ndiyo, mwenyekiti. Alisimama, akakohoa, akashika kola ya koti.

"Huyu mwanamke namfahamu vizuri kwa kazi hiyo."

"Umejuaje, mwenyekiti?"

"Nimeishi naye miaka kumi na minane. Usiku wote yuko nyumbani kwangu."

Watu waliguna. Bwana Ramson hakuguna, aliandika. Imethibitishwa.

Wakapita ishirini na watatu. Mtaa wetu una nyumba hamsini. Kwa hesabu ya siku ile, jamani, hata barabara ya kwenda kanisani ilikuwa hatarishi.

Wa mwisho alikuwa Mama. Kitenge cha kawaida, sweta, kandambili, rozari shingoni. Bwana Ramson alimwangalia juu mpaka chini.

"Mama, umemsindikiza nani?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Mbona unaonekana mtu wa heshima?"

"Ahsante, baba. Hapa Mfaranyaki wewe ni wa kwanza kuona."

Shahidi wa kwanza alikuwa Fundi Salum, jirani. Hakuna aliyebisha.

"Shahidi wa pili?"

Bwana Ramson akawageukia wanaume.

"Anayeijua kazi ya mama huyu, anyooshe mkono. Atatueleza tu amejuaje."

Wasomaji wangu, laiti mngekuwepo. Wanaume thelathini, kila mmoja akapata shughuli. Huyu kaona kamba ya kiatu imefunguka, na amevaa ndala. Yule kakumbuka bodaboda yake iko juani, na jua hakuna. Mmoja alitazama dari kwa makini, kama fundi anayetaka kutaja bei.

"Mwenyekiti?" Bwana Ramson akauliza.

"Kwa upande wa ofisi," mwenyekiti akasema, "hatuna taarifa hizo."

"Mama, basi mtaje hata mmoja, tumuite."

"Simtaji mtu," Mama akasema. "Mwenye mdomo aje nao mwenyewe."

"Basi sina namna. Mtoto wako hataingia."

Dirishani alikuwa amesimama Odilia, na sweta lake la shule lililotoboka viwiko. Wiki nzima alikuwa akiwafanyia kuku wetu mazoezi ya kusema "gudi moningi." Alimsikia vizuri Bwana Ramson. Hakulia. Alishuka kwenye jiwe alilokuwa amesimamia, taratibu, kama mtu aliyezoea.

Sasa hapa ndipo penye dhambi yangu.

Mimi ni mvumilivu. Nimekulia katika nyumba ambayo mtoto hujifunza kuangalia bila kusema. Lakini macho yangu yalikuwa yamegota kwenye koti la mwenyekiti, kifungo cha tatu kutoka juu.

Miaka kumi iliyopita, Julai kama hii, nikiwa darasa la sita, niliamka nikakuta koti la kahawia kwenye kiti chetu. Kifungo kimoja hakipo. Mama akaniambia, "Kishone upesi, mwenyewe akiamka aondoke." Hatukuwa na kifungo wala uzi. Nilikata kifungo cheupe kwenye shati langu la shule, nikachomoa uzi wa bluu kwenye sketi ya sare, nikashona. Ndicho kifungo changu cha kwanza duniani. Nilikosea, fundo nikaliacha juu badala ya kulificha chini.

Mwezi wa nne uliofuata akazaliwa Odilia. Shule niliishia la saba, lakini hesabu hiyo naiweza.

Nikasimama.

"Mwenyekiti, shikamoo."

"Marahaba."

"Naomba umsogelee Bwana Ramson aangalie kifungo chako cha tatu."

"Kina nini kifungo changu?"

"Vingine vyote vyeusi. Hicho cheupe, cha shati la shule. Uzi ni wa bluu, na fundo liko juu. Nilikishona mimi, nyumbani kwetu, asubuhi, mwenye koti akiwa bado amelala."

Bwana Ramson alivaa miwani. Fundi Salum naye akasogea, akainamia tumbo la mwenyekiti kama daktari.

"Mkono wa Oliva huu," akasema. "Hilo fundo namgombeza mpaka leo."

Ofisi ilipasuka kwa kicheko. Wale waliokuwa wakifunga kamba za ndala walicheka kuliko wote. Bwana Ramson, mtu wa taratibu, aliandika bila kuinua uso: namba ishirini na nne, shahidi mwenyekiti, kwa njia ya koti. Imethibitishwa.

Nilijiona shujaa. Nilimgeukia Mama nikitabasamu.

Mama hakutabasamu.

"Wamepita wengi, Oliva," alisema polepole. "Hakuna hata mmoja aliyewahi kunivua nguo kama ulivyonivua wewe leo."

Nilitaka kumjibu kwamba ni kwa ajili ya Odilia. Sikuwahi. Bwana Ramson alikuwa amefungua ukurasa wa pili.

"Kwa kuwa akina mama wote mmekiri," akasoma, "na imethibitishwa kwamba nyumba zenu hazifai, mradi utaiomba mahakama watoto wahamishiwe kituoni kwetu, mbele ya kijiji cha Hanga, wapate malezi mapya. Mama hataruhusiwa kumwona mtoto kwa miaka miwili, asije akamrudisha nyuma."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Halafu Devota akapiga yowe.

"Mimi nilikuwa natania!"

"Mimi ni mke wa ndoa, cheti kipo kabatini!"

"Mimi ni mwalimu wa watoto wa komunyo ya kwanza!"

"Hii sketi nimeazima!"

Mikono ishirini na mitatu ikawa inavuta pindo chini. Hata wakati wa Kwaresima sijaona watu wanatubu kwa kasi ile. Mwenyekiti akafufuka, akachukua muhuri.

"Devota namfahamu, ni mtu safi. Futa."

"Lakini amekiri…"

"Futa, Bwana Ramson. Ameteleza ulimi."

Alipofika kwa mkewe alisema tu, "Na huyu." Mama Sixbert alikuwa hamtazami usoni. Alikuwa anatazama kifungo.

Wakafutwa wote. Karatasi ikabaki na jina moja chini kabisa.

"Mfute na Odilia," nikasema.

"Wale hawakuwa na ushahidi, dada," Bwana Ramson akajibu, bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniuma. "Katika mtaa mzima, ni nyinyi peke yenu mnao."

Kesi ikapangwa Jumatatu. Na ushahidi ulikuwa wangu.

Kuanzia jioni hiyo Mama hakusema na mimi. Kila neno lilipita kwa Odilia. "Mwambie dada yako chumvi iko pale." "Mwambie dada yako afunge mlango." Odilia alikuwa anatangatanga kati yetu kama tarishi, kisha akauliza, "Huko Hanga kuna kuku?"

Alhamisi niliomba ruhusa kwa Fundi Salum, nikaenda kwa afisa ustawi wa jamii. Ni dada wa makamo, mgeni hapa, anaitwa Tumpe. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sijalizoea.

"Kwanza, mradi hauna mamlaka ya kumbeba mtoto," akasema. "Hilo ni la mahakama, na mahakama itaniuliza mimi. Huyo mtoto anakula?"

"Anakula."

"Anapigwa?"

"Hapana."

"Shule?"

"Hajakosa hata siku moja. Hata siku wanazomcheka anaenda."

Aliandika hilo. "Kazi ya mama siyo kosa la mtoto. Pili, cheti cha kuzaliwa siyo zawadi ya mradi wala ya mwenyekiti. Ni haki yake tangu siku aliyolia mara ya kwanza, na hata nafasi ya baba ikiwa wazi anapewa."

Nilihisi kama mtu amenitua gunia kutoka kichwani. Miaka tisa tuliambiwa bila baba hakuna cheti. Nani alituambia? Ofisi ya mtaa.

"Tatu," Tumpe akaendelea, "hiyo nafasi kwa nini iwe wazi? Mtoto ana haki ya kumjua baba yake, na baba ana wajibu wa kutunza. Mimi mwenyewe naweza kulipeleka suala hilo mbele ya hakimu, vipimo vikafanyika. Kifungo peke yake hakithibitishi damu. Lakini kinatosha hakimu kuuliza swali."

"Na Mama akikataa kutaja jina?"

"Asitaje. Wewe linda hilo koti tu. Bila hilo koti, Jumatatu utaonekana msichana mwenye kisasi na mwenyekiti wake."

Nilinde koti! Koti linavaliwa na mtu, nitalindaje? Nilirudi nikiwaza hilo njia nzima.

Haikuchukua hata siku. Ijumaa saa saba mchana, Fundi Salum yuko msikitini, kibanda nimebaki peke yangu, mwenyekiti akaingia. Hakuwa amelivaa koti. Alilibeba mkononi limekunjwa kama mtoto mgonjwa.

"Oliva, mwanangu."

Mwanangu! Tangu lini?

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Nina kazi ndogo." Akalitandika koti mezani, kifungo cha tatu juu. Kutoka mfukoni akatoa kifungo cheusi, kipya, kinang'aa. "Toa hicho, weka hiki."

"Mwenyekiti…"

"Sikiliza. Ukitoa, Jumatatu nitasimama mahakamani niseme nyumba yenu naifahamu, hamna tatizo, mtoto anatunzwa. Mimi ni serikali ya mtaa, nitasikilizwa. Odilia atabaki na mama yake. Usipotoa, nitasema nyumba yenu naifahamu." Akatabasamu. "Maneno ni yaleyale, unaona? Yatabadilika ya mbele tu."

"Na cheti chake?"

"Cheti ni karatasi, Oliva. Mtoto ni mtoto."

"Anafanana na wewe paji la uso," nikasema. Lilinitoka tu.

Hakukasirika. Aliangalia nje, upande wa kwetu, ambako Odilia alikuwa anarudi kutoka kisimani na ndoo ndogo kichwani, anaimba. Kwa kitambo kidogo uso wake ulilegea. Nikadhani, hapa ndipo atakapokiri.

"Kata," akasema. "Kabla fundi hajarudi."

Nikachukua wembe.

Nisiwadanganye. Mnaosoma mnaniambia nisikate, nawasikia. Ninyi hamlali na Odilia kitanda kimoja, miguu yake ya baridi mgongoni mwenu. Niliwaza hayo ya haki na hakimu, halafu nikawaza kitanda kitupu miaka miwili. Nikashika kifungo changu cha kwanza duniani kwa vidole viwili, nikainua uzi wa bluu. Wembe ukaugusa.

"Usikate."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, na haikuwa ya Mama. Mlangoni alisimama Mama Sixbert. Amevaa ile sketi ya kwaya. Pindo lake ameshalishusha kwa mkono, vibaya, limeenda upande. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini.

"Mke wangu," mwenyekiti akaanza, "hii ni kazi ya fundi tu…"

"Hicho kifungo nimekifua miaka kumi, Kajetani," akasema. "Kila Jumamosi nakisugua. Ulidhani sijui rangi ya uzi wangu?"

Miaka kumi. Miaka kumi jumuiya inaturuka, nami nilidhani ni utakatifu.

Akaingia mpaka mezani. Aliliangalia koti, akamwangalia mumewe, kisha akapeleka macho nje kwa mtoto mwenye ndoo, akayaacha huko mpaka wimbo ulipokwisha. Halafu akaninyooshea mkono, kiganja wazi.

"Nipe huo wembe, mwanangu."

Mwanangu wa pili katika siku moja. Sikujua anautaka kwa ajili ya uzi, kwa ajili ya mumewe, au kwa ajili yangu niliyemwaibisha mbele ya mtaa mzima. Mwenyekiti alirudi nyuma hatua moja, akagonga cherehani.

Nami, Mungu anisamehe, nikampa.